Jibu: Kwa nini Mumbai–Dubai ni saa 1 na dakika 40, lakini kurudi ni zaidi ya saa 4?

Habari ndugu. Umeuliza inakuwaje tiketi yako ionyeshe tofauti kubwa hivyo, ilhali umbali ni uleule wa takriban kilomita 1,930. Kwanza angalia majira ya miji yenyewe, kwa kuwa kila saa iliyochapishwa kwenye tiketi ni ya mji husika, na India iko mbele ya Dubai kwa saa 1 na dakika 30. Ukiondoka Mumbai saa 4:00 asubuhi na kutua Dubai saa 5:40, ongeza saa 1 na nusu, utapata saa 3 na dakika 10 za safari. Wakati wa kurudi punguza kiasi hichohicho, zitabaki kama saa 3. Tofauti ndogo inayosalia huletwa hasa na upepo wa juu utokao magharibi, ambao huisukuma ndege iendayo India.

Ikiwa unaunganisha ndege Dubai, mimi nakushauri kwa dhati usikubali pengo la chini ya saa 2, kwani njia mbili za kurukia za Mumbai zinakatana, haziwezi kutumika kwa wakati mmoja, na foleni ya ndege zinazosubiri kuruka huwa ndefu.