Kabla mjomba hajauza bastola yake

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni msomaji wako wa Urambo, nafundisha hesabu sekondari. Mjomba wangu anaishi Stuttgart, Ujerumani, na ni mwanachama wa klabu ya kulenga shabaha. Ana bastola mbili za mashindano, zote za kutumia risasi aina ya .32 S&W Long, na risasi anajaza mwenyewe, yaani maganda yaliyotumika anayatia baruti na kichwa kipya. Amenitumia picha za karatasi mbili za shabaha, mita 25, risasi tano kila moja. Bastola ya kwanza matundu yamekaa ndani ya milimita 38, ya pili milimita 61. Risasi ni zile zile. Anasema hiyo ya pili anaiuza, ila kwanza nimwambie kama hesabu yake imekaa sawa. Mimi bastola nimeiona kiunoni mwa polisi tu. Nimjibu nini? Na je, risasi za .22 nazo hujazwa nyumbani?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Mwambie asiuze, angalau si kwa karatasi hizo mbili.

Niliishi Ulm miaka tisa, nikichonga vyuma mchana na kulenga shabaha kila Alhamisi jioni. Sasa niko na karakana yangu hapa Ng'ambo, Tabora, lakini daftari langu la shabaha ninalo bado, limejaa madoa ya mafuta. Nimelifungua baada ya kusoma barua yako. Kuna ukurasa wa bastola moja, siku moja, risasi za kopo moja, makundi sita ya risasi tano tano. Nilipima kwa venia, ile rula ya taya ya mafundi, kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya tundu lililo mbali nalo zaidi: 34, 58, 41, 49, 37, 63. Wastani milimita 47. Sasa chukua ile 37 uibandike jina la bastola moja, na ile 63 jina la nyingine. Umeshapata barua ya mjomba wako, na bastola ilikuwa moja tu!

Kundi moja la risasi tano huyumba mno. Apige makundi yasiyopungua sita kwa kila bastola, achukue wastani. Na asimalize ya kwanza ndipo aanze ya pili, kwa sababu jicho huchoka na mwanga wa uwanjani hubadilika. Apige ya kwanza, ya pili, ya pili, ya kwanza, aendelee hivyo mpaka mwisho. Viganja viegemee mfuko wa mchanga, mtutu usiguse kitu. Kama mtutu umetoka kusafishwa, risasi chache za mwanzo asizihesabu. Mtutu mkavu hutupa ovyo mpaka upate utando wake.

Hiyo ni sehemu unayoiweza wewe mwalimu wa hesabu. Sehemu ya pili ndiyo iliyonifanya nichague barua yako, maana watu wazima wenye uzoefu huteleza hapo. Muulize mjomba: hizo risasi alizitengeneza zikiendana na bastola ipi?

Nina hakika atajibu, ile ya kwanza. Mtu anayejaza risasi hufanya hivi: anachukua ganda lililokwisha kutumika, anang'oa fataki ya zamani, ile ya kitakoni inayowasha baruti, na kutia mpya, anapima baruti, anakandamiza kichwa. Kwa .32 ya mashindano kichwa ni cha madini laini ya risasi, bapa mbele, kinazama mpaka usawa wa mdomo wa ganda. Ubapa huo ndio unaotoboa karatasi tundu safi kama la mashine ya ofisini, alama zisomeke bila ubishi. Halafu anabadilisha baruti kidogo kidogo, ndani ya mipaka ya kitabu cha mtengenezaji wa baruti, mpaka makundi yabane. Mitutu miwili ya .32 haifanani kabisa kwa ndani. Mmoja umebana kwa sehemu ya mia ya milimita, mwingine mifereji yake ya ndani, ile inayoizungusha risasi, ina kina zaidi. Kipimo kinachoufurahisha huu, ule huutema. Ni sawa na mkulima wa tumbaku wa kwenu kupima mbolea kwa udongo wa shamba la kwanza, akamwaga kiasi kile kile shamba la pili, kisha akasema shamba la pili ni bovu.

Kwa hiyo kila bastola itafutiwe kwanza risasi inayoipenda. Baada ya hapo ndipo zishindanishwe, kila moja na chakula chake. Ni kazi ya jioni kadhaa, na baruti kidogo itapotea. Bastola ya mashindano ni ghali kuliko baruti hiyo.

Naisema hii kwa uchungu kwa kuwa nusura niuze yangu. Kiangazi kimoja makundi yalitanuka ghafla, nikailaumu bastola, nikabadilisha springi, nikakaza skurubu zote. Tatizo lilikuwa feni. Chumba cha chini nilichojazia kilikuwa na joto, nikaweka feni mezani karibu na mizani. Baruti hupimwa kwa greni, na gramu moja ina greni 15.4. Kipimo cha .32 yangu hakikufika greni mbili, uzito wa punje tano hivi za mchele. Masonara wa mjini hapa wanajua kwamba mizani ya namna hiyo hata pumzi huisukuma. Nilipofungua risasi thelathini na kupima upya baruti yake, nyingine zilipishana greni 0.3. Feni niliitoa, na wiki iliyofuata makundi yakarudi yalipokuwa.

Kipimo kidogo hivyo kina hatari yake, na hapa naomba umsomee mjomba neno kwa neno hata kama anajua. Baruti hiyo haijazi ganda, kwa hiyo ukiweka mara mbili kwa kusahau, huenda isimwagike. Kila ganda limulikwe kwa tochi kabla ya kukandamiza kichwa. Na ganda likikosa baruti kabisa, fataki peke yake inaweza kukisukuma kichwa kikakwama ndani ya mtutu. Utasikia mlio mwembamba, na mkono hausukumwi kama kawaida. Hapo ni kusimama, kuelekeza bastola kwenye shabaha, kutoa magazini, kuhakikisha hakuna risasi ndani, kisha kupitisha kijiti kwenye mtutu kuona kama uko wazi. Anayepiga ya pili juu ya iliyokwama anaweza kupasua mtutu mkononi.

Hata hizo milimita 61 si aibu. Duara la alama kumi kwenye shabaha ya mita 25 lina kipenyo cha milimita 50, na tundu linalogusa mstari hupewa alama ya juu. Kundi la 61 likikaa katikati, nyingi zitakuwa kumi na zilizobaki tisa. Mimi ningeangalia zaidi mpini unavyokaa kiganjani na triga inavyokatika, yaani inavyoachia ikivutwa. Kanuni inataka triga ihimili angalau gramu 1,000, na kati ya triga mbili za uzito huo moja hukatika kama kioo, nyingine huburuta. Ile inayoburuta ndiyo itakayomnyima alama akiwa amesimama, mkono mmoja umenyooshwa, hana mfuko wa mchanga.

Risasi za .22 hazijazwi. Dawa ya kuwashia imo ndani ya ukingo wa kitako cha ganda, na ukingo huo ukishapondwa na nyundo ya bastola, basi. Wapigaji wa .22 hununua makopo ya aina mbalimbali, wanapima makundi vile vile, kisha wananunua kwa wingi zile zenye namba ile ile ya kutengenezwa.

Na wewe ukivutiwa, mwanangu, kujaza usijaribie Urambo. Mjomba ana kibali cha baruti, Ujerumani haimruhusu mtu bila hicho. Kwetu silaha na risasi zina sheria yake ya mwaka 2015, na kutengeneza risasi bila leseni ni kosa. Kazi yako ni hesabu. Akishapiga makundi yake kumi na mawili, niletee namba zote, hata zile mbaya anazotaka kuzitupa.