Insha moja, vema tatu

Mmeuliza wiki hii: "Ukiacha mshahara, ni nini kinamchosha mwalimu wa shule ya umma?" Nitajibu kwa daftari moja.

Nafundisha Kiswahili darasa la tano katika shule ya msingi ya serikali, mkoani Geita. Mkondo wangu mmoja una watoto 112, wakati kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa watoto 45. Sisemi ada irudishwe. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, ule wa elimu bila malipo, uliwaleta shuleni watoto ambao ningewakuta machungani au machimboni, na mwaka 2016 walipofurika darasa la kwanza nilishangilia. Basi watoto walikuja. Walimu hawakuja kwa kasi hiyo.

Kipindi ni dakika 40. Zigawe kwa watoto 112, kila mmoja anapata sekunde 21. Insha ya ukurasa mmoja nikiisoma kwa dakika mbili tu, nahitaji karibu saa nne, na hapo ni zoezi moja la somo moja. Bado andalio la somo, bado zamu, bado kusimamia uji, bado takwimu ambazo afisa elimu kata anazitaka kwenye grupu la WhatsApp kabla ya saa sita mchana. Mshahara nao una mambo yake (bodi ya mikopo inachukua asilimia 15, chama cha walimu asilimia 2, na kausha damu, mkopeshaji wa riba kubwa wa mtaani, tumwache), ila haujawahi kunifanya nimdanganye mtoto. Madaftari yamenifanya.

Mwezi Machi alikuja mama mmoja na daftari la mwanawe ndani ya rambo. "Mwalimu, samahani, mimi sikusoma sana. Lakini hizi kurasa tatu naona kama zinafanana."

Zilikuwa insha ile ile, "Ng'ombe Wetu", kwa tarehe tatu tofauti, na kila moja ina vema yangu kubwa nyekundu. Mtoto alishagundua kwamba mwalimu hasomi. Wala si mvivu yule. Aliona tu hakuna haja ya kutunga nyingine.

Nilimwomba radhi mama yake pale pale mlangoni pa ofisi, walimu wenzangu wakisikia. Alipoondoka mmoja akacheka: "Madam, kwani nani anayasoma?" Hana ubaya. Mwaka jana ningesema hivyo hivyo.

Kinachonichosha ni kuigiza kazi ninayoiweza. Ukirudi nyumbani jioni kalamu nyekundu imekwisha wino, mkono unauma, na hakuna mtoto hata mmoja uliyemfundisha.

Tangu Aprili nasoma madaftari 15 kwa siku, neno kwa neno, na mwisho naandika maoni. Yaliyobaki siyagusi mpaka zamu yake ifike, baada ya siku saba au nane za masomo. Yule wa ng'ombe ameandika juu ya kisima chao. Ameandika vibaya, ila makosa ni ya kwake mwenyewe, na nimeyapenda.

Mwezi Mei wakaja wathibiti ubora wa shule. Walifungua madaftari kumi, wakakuta mengi hayana vema, wakaandika kwamba kazi za wanafunzi hazisahihishwi ipasavyo. Nimepewa barua ya kujieleza ndani ya siku saba. Nitaijibu Jumapili, nikishamaliza yale 15 ya Ijumaa.

Mwalimu wa darasa la tano, Geita