Swali la Lugha: Je, ni sahihi kusema "vimelea vinavyokula kiberiti"?

Msomaji wetu wa Nyakato, jijini Mwanza, anayeandaa bango la mafunzo kwa wachenjuaji wa dhahabu, ametuletea sentensi moja tuikague: "Vimelea vinavyokula kiberiti huyeyusha dhahabu iliyomo kwenye jiwe." Hasa anauliza kuhusu kitenzi "kula", maana mwenzake amemwambia kwamba hakifai katika maandishi ya kitaalamu.

Nianze na kitenzi hicho, ingawa ndicho chenye hatia ndogo kuliko maneno mengine. Kiswahili hukitumia kwa upana: bati la banda la dagaa pale mwaloni Kirumba huliwa na kutu, boriti huliwa na mchwa, na gari bovu hula mafuta. Tofauti ni kwamba kutu haishibi, mchwa hushiba. Viumbe wa sentensi yetu, ambao ni bakteria, wako upande wa mchwa, kwani wanapoiunganisha salfa (ndicho kiberiti cha bangoni) na oksijeni hupata nishati ya kuishi na kuzaana, na kinachobaki ni asidi ya salfuriki. Kwa hiyo "kula" kimekaa mahali pake, ijapokuwa ripoti ya maabara itapendelea "kuoksidisha", kitenzi ambacho mwandishi asikichanganye na "kuoksidika", yaani yale yanayolipata jiwe lenyewe.

Linalonisumbua zaidi ni "vimelea". Kimelea ni kiumbe anayeishi juu au ndani ya kiumbe mwingine na kumnyonya, kama minyoo wa kichocho ambao wakazi wa mwambao wa Ziwa Victoria wanawafahamu mno. Acidithiobacillus ferrooxidans, mmoja wa bakteria hao, aliyetambuliwa mwaka 1947 katika maji yenye asidi ya migodi ya makaa ya mawe, hamnyonyi yeyote: hula chuma na salfa, na kaboni anayojengea mwili wake huitoa hewani. Mwite bakteria, umpe upatanisho wa A-WA kama tunavyofanya kwa kiroboto na kipepeo. Wakiwa wa aina nyingi katika tangi moja la kuchenjulia, maana wapo wanaokula chuma tu, kama Leptospirillum ferrooxidans, na wapo wa salfa tu, "jamii ya bakteria" inatosha. "Jumuiya" hunipa picha ya watu wenye katiba na mweka hazina.

"Kiberiti" ni neno zuri la zamani, na wasomaji wa Biblia wanaikumbuka Sodoma iliyonyeshewa kibiriti na moto, lakini mchenjuaji akilikuta bangoni ataona kisanduku cha njiti. Andika "salfa".

Limebaki "huyeyusha", na hapa kosa si la lugha peke yake. Kwa mchenjuaji, kuyeyusha dhahabu ni kazi ya moto, tena ya mwishoni kabisa, ilhali bakteria hawaigusi dhahabu. Katika mawe magumu kuchenjua, dhahabu huwa chembe ndogo sana zilizofungiwa ndani ya pairaiti, lile jiwe la manjano la chuma na salfa linalong'aa na kuwahadaa wageni wa machimbo, au ndani ya asenopairaiti, ndugu yake mwenye aseniki pia. Bakteria huvunja gereza hilo, kisha sayanaidi, kemikali ya sumu inayotumika kuitoa dhahabu kwenye mawe, ndiyo humchukua mfungwa. Mgodi wa Fairview, huko Barberton nchini Afrika Kusini, ulianza kazi hiyo mwaka 1986, katika matangi yenye joto la nyuzi 40 hivi.

Bango lisomeke hivi: "Bakteria wanaokula salfa na chuma huivunja pairaiti iliyoifungia dhahabu, ili sayanaidi iweze kuifikia."