Puti iliyokauka sakafuni: itoke vipi?

Swali: Assalaam alaykum fundi. Tumehamia nyumba mpya hapa Wete. Waliotupigia puti ukutani, ile ya kulainisha ukuta kabla ya rangi, hawakutandika kitu chini, basi marumaru za sebuleni zina madonge na ukungu mweupe, na mlango wetu wa nakshi nao umerukiwa. Nimemwaga siki, nimesugua mpaka mkono ukauma, wapi! Jirani ananambia ninunue asidi ya chooni. Nitumie?

Jibu: Waalaykum salaam, dada. Asidi iache dukani. Inakula saruji iliyo baina ya marumaru, moshi wake unaharibu mabomba yanayong'ara na fremu za alumini, na ikikutana na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo hutoka gesi ya sumu. Yote hayo kwa puti, ambayo pengine inataka maji tu.

Kwanza ujue ni puti gani. Bandua donge moja, litie kwenye bilauri ya maji ya vuguvugu, liache nusu saa, kisha libonyeze. Likivurugika kama uji mzito, hiyo ni ya jipsamu, ule unga mweupe wa plasta. Likibaki gumu kama kijiwe, imetiwa saruji nyeupe. Likilainika lakini linavutika kama mpira, ni ile ya ndoo iliyokorogwa tayari, yenye gundi ya plastiki.

Siki yako nadhani imeshindwa kwa kuwa puti yenu ni ya jipsamu. Siki hula chokaa, jipsamu haijali. Maji ndiyo yanayoilegeza, ila yanataka muda, na hapo ndipo watu wengi wanapokosea: wanalowesha, wanasugua papo hapo, wanachoka. Rowesha matambara kwa maji ya moto yenye sabuni kidogo, yatandaze juu ya madonge, funika kwa nailoni yasikauke, nenda kapike. Ukirudi baada ya saa moja, sukuma kwa kipande cha plastiki au ubao uliochongwa. Ukungu unaobaki sugua kwa kumbi la nazi lililoroweshwa, na kwenye mistari tumia mswaki wa zamani. Badilisha maji kila yanapokuwa meupe, la sivyo unaupaka upya ule ukungu. Chuma cha kusugulia masufuria usikitumie: kinachora, na vipande vyake vinaacha kutu.

Ikiwa ni ya saruji, maji hayatailainisha. Mwagia maji ya sabuni, laza wembe wa skrepa karibu na sakafu, ukwangue taratibu. Ukungu wa mwisho, kwenye marumaru za kung'ara za kiwandani tu (vigae, si jiwe la asili), siki iliyozimuliwa kwa maji inasaidia: rowesha mistari kwanza, acha siki dakika chache, suuza sana. Kwenye terazo, ile sakafu ya saruji iliyochanganywa vijiwe na kusuguliwa, siki ni haramu! Vile vijiwe vyake mara nyingi ni vya chokaa, vitafubaa. Ile ya ndoo ilainishe kwa maji ya moto. Mabaki yafute kwa spiriti, madirisha wazi na jiko limezimwa.

Mlango usiumwagie maji hata kidogo, mbao zitavimba. Kitambaa kilichokamuliwa vizuri, donge moja baada ya jingine, na ndani ya nakshi tumia chelewa iliyochongwa ncha. Hapa kuna kazi ya siku nzima, nakwambia kweli. Ukishakauka, pitisha mafuta ya mbao kidogo mahali palipopauka.

Vumbi lililobaki usilifagie kavu, wala usipige msasa bila kuziba pua. Lile la puti ya saruji linaumiza mapafu. Piga deki.

Na maji meupe usiyamwage kwenye sinki. Jipsamu inatua ndani ya bomba na kuliziba. Yaache ndooni mpaka asubuhi, mwaga maji ya juu uani, tope la chini litie kwenye mfuko wa taka.