Mashine ya tambi ya mkono: inunue kwa macho, itumie kavu

Mashine yangu ya kwanza niliiua kwa maji. Nilikuwa nimemaliza kutengeneza tambi kwa mara ya kwanza maishani, unga umeganda kwenye meno ya kikatio, nikaitumbukiza kwenye beseni la maji ya moto yenye sabuni. Nikaisugua, nikaisuuza, nikaiacha ikauke. Wiki mbili baadaye nilipoizungusha ilikuwa inakwaruza, na ukanda wa kwanza wa unga ulitoka na michirizi ya rangi ya kahawia. Kutu ilikuwa imeingia ndani kwenye gia, mahali ambapo kitambaa hakifiki. Kijitabu cha maelekezo kilikuwa kimeandika wazi, ukurasa wa kwanza, kwamba mashine isioshwe kwa maji. Nilikuwa sijakifungua.

Ya pili ninayo hadi leo, na haijawahi kuguswa na tone la maji. Tena, kadiri ninavyoitumia ndivyo ninavyozidi kuona kwamba karibu kila kosa nililowahi kufanya kwenye kazi hii lilitokana na umajimaji kuzidi mahali fulani: kwenye donge, kwenye ukanda, au kwenye mashine yenyewe. Kwa hiyo makala haya yatarudi hapo mara kwa mara, nanyi mniwie radhi.

Kwanza kununua. Mashine yenyewe ni kitu rahisi: rola mbili zinazozunguka kwa kuelekeana, kirungu cha pembeni chenye namba cha kusogeza au kutenganisha rola hizo, mkono wa kuzungushia, kikatio cha kugawa ukanda kuwa tambi, na kibano cha kuifunga mezani. Waitaliano wameitengeneza kwa karibu miaka mia. Kampuni ya Marcato ilianza mwaka 1930 karibu na mji wa Padova, na Imperia ilianza mwaka 1932 huko Torino, na hadi sasa mashine nyingi zinazouzwa duniani zinafuata umbo la hizo. Ile Atlas 150 ya Marcato imepewa namba hiyo kwa sababu rola zake zina upana wa milimita 150, na upana huo unatosha jikoni kwa mtu yeyote. Zipo za milimita 180, ila ukanda mpana ni mgumu kuubeba kwa mkono mmoja, na mkono mmoja ndio utakaokuwa nao, maana wa pili unazungusha.

Jina lililoandikwa ubavuni lisikushughulishe sana kabla hujaishika mashine. Inyanyue. Iwe na uzito wa kueleweka, kilo mbili na kitu, kwa sababu nyepesi mno huwa na mwili wa bati jembamba linalojipinda ukikaza. Halafu fanya kipimo ambacho mimi nakiamini kuliko maelezo ya muuzaji: zungusha kirungu hadi kwenye namba ya wembamba wa mwisho, inua mashine ielekee dirishani, kisha chungulia katikati ya rola. Mstari wa mwanga utakaouona uwe na unene uleule kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Ukiona upande mmoja umefumba na mwingine umeachama, irudishe. Rola zilizopinda hutoa ukanda mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili, nao huo huanza kupinda kama upinde kila ukiupitisha, na hakuna ustadi wa mkono utakaousaidia.

Sikiliza pia kirungu. Kila namba iwe na mahali pake pa kutulia, isikie ikikaa. Kisichotulia huteleza katikati ya kazi, unene unabadilika bila wewe kujua.

Jambo ambalo watu hulisahau kabisa ni meza. Kibano kinahitaji ukingo unaojitokeza, na nafasi ya chini ya kukaza skrubu. Meza yenye ubao wa fremu uliosogea hadi ukingoni, au yenye droo inayoanzia palepale, haitashika kibano. Pima unene wa ukingo wa meza yako kabla hujatoka nyumbani, kisha linganisha na mdomo wa kibano. Mashine isiyofungwa barabara haitumiki. Unapozungusha inazunguka na wewe.

Kuhusu vikatio, viwili vinavyokuja na mashine vinatosha: kimoja kipana cha kama milimita 6, ambacho hutoa fettuccine, yaani tambi pana bapa, na kimoja chembamba cha tagliolini, yaani tambi nyembamba. Napenda kikatio kinachochomoka, kwa sababu ya usafi na kwa sababu mwili wa mashine unabaki mdogo kabatini. Kifaa cha kutengenezea ravioli, zile tambi za vifuko vyenye ujazo ndani, mimi nisingekinunua. Kinataka ukanda wenye upana kamili, ukavu kamili na ujazo mlaini kamili, na kimoja kikikosekana vyote vinararuka. Kwa mkono na uma unapata ravioli nzuri zaidi kwa muda uleule. Mota nayo iache kwanza, ila ukiona mashine yako inaikubali, vizuri, itakufaa siku ukiwa na wageni wengi.

Ukiifungua mpya, usianze na chakula. Ndani kuna mafuta ya kiwandani na pengine chembechembe za chuma. Ifute kwa kitambaa kikavu, kanda donge dogo la unga na maji, lipitishe kwenye rola na kwenye vikatio vyote mara kadhaa, kisha litupe. La kwanza litatoka na alama za kijivu. Endelea hadi litoke safi.

Sasa donge, na hapa ndipo kazi ilipo. Kipimo cha kawaida ni gramu 100 za unga wa ngano kwa yai moja. Lakini mayai hayalingani. Yai lisilo na ganda huwa na kama gramu 50, na ukitumia makubwa manne kwa gramu 400 unaweza kujikuta na gramu 30 za ziada za umajimaji, jambo linalotosha kabisa kuharibu kazi. Mimi napima mayai kwenye mizani kama ninavyopima unga: gramu 400 za unga, mayai yakifika gramu 210 au 220 nasimama, hata kama ni kwa kuacha nusu ya yai kwenye kikombe.

Donge la mashine liwe gumu kuliko unavyodhani. Ukilikanda dakika tano za kwanza utasikia hamu ya kuongeza maji. Usiongeze. Litaonekana limepasuka-pasuka, linakataa kushikana, na mikono itachoka, lakini unga unachukua muda kunywa umajimaji wake. Kanda kama dakika nane hadi kumi kwa kiganja cha chini, ukilisukuma mbele na kulikunja. Kisha lifunge kabisa kwa plastiki ya jikoni na uliache nusu saa juu ya meza. Ukirudi utafikiri mtu amekubadilishia: limelainika, halirudi nyuma ukilibonyeza, na ule ukungu mkavu wa juu umetoweka. Nusu saa hiyo huyapa maji nafasi ya kusambaa na gluteni, ile protini ya ngano inayolifanya donge livutike, nafasi ya kulegea. Ukiiruka, ukanda utajivuta kila unapoupitisha na kurudi kuwa mnene.

Bonyeza kidole. Kikitoka safi, uko sawa. Kikitoka na unga umenata, nyunyizia unga na ukande tena dakika mbili, sasa hivi, kabla ya kuwasha tamaa ya kuona mashine ikifanya kazi.

Kwa wasiokula mayai, semolina, yaani unga wa punjepunje wa ngano ngumu, na maji hufanya donge zuri: gramu 100 kwa maji gramu 45 hadi 50. Ni gumu zaidi, kwa hiyo kata vipande vidogo ili usizilazimishe gia.

Gawa donge vipande vinne, acha vitatu vimefunikwa. Kibonyeze cha kwanza kwa kiganja hadi kiwe bapa kisichozidi unene wa rola zilipofunguka kabisa. Angalia namba kwenye mashine yako, maana kwenye nyingine 0 ndiyo nene na kwenye nyingine namba kubwa ndiyo nene. Pitisha. Kitatoka kibaya, kingo zimechanika, uso una mashimo. Kikunje mara tatu kama barua, kigeuze ili upande ulio wazi uingie kwanza na hewa ipate pa kutokea, pitisha tena. Rudia mara sita, hata nane, yote kwenye namba ileile ya unene wa mwanzo. Kuna mzunguko mmoja, mara nyingi wa tano au wa sita, ambapo ukanda hubadilika mkononi mwako: kingo zinanyooka, uso unakuwa kama kitambaa cha hariri, na sauti ya mashine inatulia. Mimi huusubiri mzunguko huo kila mara. Hapo rola zimemaliza ule ukandaji ambao mikono yangu haiwezi, na ndiyo maana donge gumu halinitishi tena.

Kuanzia hapo hakuna kukunja tena. Sogeza kirungu namba moja moja kuelekea wembamba, pitisha mara moja kila namba. Kuruka namba mbili kunaokoa sekunde kumi na kunararua ukanda, na pia gia zinabeba mzigo usio wao. Ukanda ukizidi urefu wa mkono ukate nusu. Zungusha kwa mkono wa kulia bila kusimama, mkono wa kushoto upokee chini kwa mgongo wa vidole, usivute. Mwanzo wa ukanda ukishikwa vizuri na rola, hauhitaji kusukumwa. Ukiwa na mtu wa kukuzungushia, kazi inakuwa nusu. Watoto wanaipenda, ila waambie vidole vyao vikae kwenye mkono wa kuzungushia tu.

Kwa fettuccine nasimama ukanda ukiwa na unene wa kama milimita moja na ushee. Kwa ravioli naendelea hadi nikiweka kiganja nyuma yake nione kivuli cha vidole.

Halafu subiri. Hapa ndipo wengi hukata tamaa na kusema kikatio ni kibovu. Ukanda uliotoka kwenye rola sasa hivi bado una unyevu, na ukiuingiza kwenye kikatio unatoka umepigwa mistari lakini tambi hazijaachana, zimeshikana kama meno ya kitana. Utandaze juu ya kitambaa safi, dakika tano hadi kumi, ugeuze, kisha uguse. Unapokuwa tayari unaguswa kama ngozi laini: mkavu juu, unakunjika bila kuvunjika. Ukingo ukianza kuwa mgumu kama karatasi, umechelewa, kata upesi. Hali ya hewa inabadilisha muda huu kabisa. Siku ya mvua nimewahi kungoja nusu saa, siku ya upepo mkavu dakika nne zilikuwa nyingi, kwa hiyo usitegemee saa. Tegemea vidole.

Tambi zikitoka zinyunyizie semolina, sio unga wa kawaida. Unga laini hunywa unyevu na kugeuka gundi, wakati punje za semolina hubaki peke yake na kudondoka kwenye maji ya kuchemshia. Zichanguechangue kwa vidole, uzikunje kama kiota.

Kupika ni haraka: lita moja ya maji kwa kila gramu 100, chumvi kama gramu 10 kwa lita, yachemke kweli. Fettuccine mbichi huiva dakika mbili au tatu, nyembamba pungufu ya hapo. Onja, usiondoke.

Ukimaliza, acha mashine kama ilivyo kwa saa moja hivi. Vumbi na mabaki ya unga yakikauka yanadondoka yenyewe kwa brashi, yakiwa mabichi yanapakaa. Piga brashi kavu kwenye rola na vikatio, igeuze juu chini uigongegonge taratibu kwa kiganja, na mabaki yaliyokwama kati ya meno yatoe kwa kijiti cha meno cha mti. Kisu hapana, kinakwangua rola na mkwaruzo huo utauona kwenye kila ukanda. Mashine ya kuoshea vyombo ndiyo mbaya kuliko zote, kwa kuwa sabuni yake huigeuza alumini kuwa na ungaunga wa kijivu unaohamia kwenye chakula. Mara chache kwa mwaka, ukisikia imeanza kulia, tia tone la mafuta ya vaselini ya majimaji, si ile nzito ya kupaka, yanayofaa kwa vyombo vya chakula kwenye ncha za rola. Mafuta ya kupikia huganda humo ndani na kunata.

Tambi za mayai usiziache mezani hadi kesho. Pika siku hiyohiyo, au ziweke friji hadi siku ya pili, au zigandishe. Mimi hupanga viota kwenye sinia lenye semolina, sinia linaingia friza, na vikishakuwa vigumu kama jiwe navihamishia kwenye mfuko. Vinatoka humo na kuingia moja kwa moja kwenye maji yanayochemka, bila kuyeyushwa, na ninavipa dakika moja zaidi.