Jibu: Mapezi ya paini kwenye roketi ya zamani ya Estes

Mkuu, umesema ramani ya roketi ya mfano ya Estes (kampuni ya Marekani) unayo, seti yenyewe haitengenezwi tena, balsa (mbao nyepesi sana) Iringa huipati, na unauliza kama paini ya Mafinga itafaa kwa mapezi. Itafaa, ila ni nzito karibu mara tatu ya balsa, na uzito wote huo unakaa mkiani. Pasua vipande vya mm 1.5, piga msasa, nyuzi za mbao zifuate ukingo wa mbele wa pezi. Ukikata kinyume, litavunjika likitua tu.

Bomba la mwili wa roketi, BT-50 kwa jina la Estes, usilihangaikie. Kwa nje ni mm 24.8, kwa ndani mm 24.1. Viringisha karatasi ya kaki (ya mfuko wa saruji mimi naipenda kuliko ya dukani) kwenye fimbo ya mm 24 iliyopakwa nta, kwa gundi ya mbao. Kwa baridi ya Juni hapo kwenu, kukauka kutachukua muda.

Injini usijitengenezee, tafadhali. Kuona kama mkia haujazidi uzito, weka mahali pa injini kipande cha uzito uleule (C6, injini ya Estes, ni gramu 24 hivi), funga uzi pale roketi inapolala sawa, izungushe juu ya kichwa. Mkia ukitangulia, ongeza udongo wa mfinyanzi puani, ujaribu tena.