Aliyejua kunyamaza mbele ya kamera

Swali la wiki hii lilituuliza ni mwigizaji gani asiye staa ambaye jina lake pekee linatosha kumfanya mtu aitazame filamu hadi mwisho. Jibu langu ni Mmarekani Harry Dean Stanton, aliyezaliwa Kentucky mwaka 1926 na kufariki Los Angeles mwezi Septemba 2017, akiwa na umri wa miaka 91.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tuliaminishana kwamba steringi hafi, kwa hiyo macho yetu yalimfuata steringi, na aliyeuawa mapema hatukumkumbuka hata kwa jina. Stanton alikuwa huyo tusiyemkumbuka. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ambako alikuwa mpishi katika meli ya kivita iliyofika Okinawa, kisiwa cha Japani, alisomea uigizaji Pasadena, California, kisha akapita miaka mingi katika tamthilia za kauboi za televisheni, Gunsmoke ikiwemo. Katika Cool Hand Luke (1967) ni mfungwa anayewaimbia wenzake. Katika Alien (1979) ni fundi Brett, anayetumwa kumtafuta paka ndani ya chombo cha anga. Kabla ya kuuawa anasimama, anainua uso, na kuyaacha maji yanayodondoka kutoka juu yamlowanishe. Hasemi kitu, lakini mtazamaji anaona uchovu wote wa kibarua aliyepata nafuu ya dakika moja.

Mhakiki Roger Ebert aliwahi kuandika kwamba filamu yoyote aliyomo Stanton, au mwenzake M. Emmet Walsh, katika nafasi ndogo, haiwezi kuwa mbaya kabisa. Naafiki, ingawa sifa hiyo naiona ndogo kwake.

Nafasi kubwa ilimjia mwaka 1984, mwaka aliotimiza miaka 58, mwongozaji Mjerumani Wim Wenders alipompa nafasi ya Travis katika Paris, Texas, filamu iliyoshinda Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa. Travis anatokea jangwani akiwa na suti iliyochakaa na kofia nyekundu, na kwa muda mrefu hatamki neno. Baadaye anampata mkewe, anayeigizwa na Nastassja Kinski, katika nyumba ambamo wateja huwatazama wanawake kupitia kioo kinachoonyesha upande mmoja tu. Travis anamwona, mke hamwoni. Hapo anageuza kiti, anakipa kioo mgongo, anashika simu na kusimulia kisa cha ndoa yao kana kwamba ni cha watu wengine, polepole, bila kupandisha sauti, mpaka mke anatambua anayesema ni nani. Mimi naamini asingeweza kuicheza sehemu ile kijana aliyezoea kutazamwa. Ilimhitaji mtu aliyekaa pembeni ya picha miaka thelathini akiwasikiliza wengine.

Hata hivyo hakuwahi kuteuliwa kuwania Oscar, jambo linaloniuma mpaka leo. Aliendelea na kazi yake, akawa kiongozi wa dhehebu la wake wengi katika tamthilia ya Big Love, na mwisho akabeba filamu ya Lucky, iliyoingia katika kumbi za sinema Marekani wiki mbili baada ya kifo chake. Karibu na mwisho wa filamu hiyo, mzee anayemwigiza anautazama mdungusi kakati (kaktasi) mrefu jangwani, anatugeukia, anatabasamu, kisha anakwenda zake.